Bi Dakika na Watoto Themanini na Wanne

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho cha kazi kilichoning'inia shingoni mwake, lakini hakuna aliyejisumbua kulisoma. Wodi nzima ya watoto, kuanzia wafagiaji hadi daktari bingwa, ilimwita Bi Dakika, na sababu haikuwa siri. Mtoto akiletwa anahema kwa shida, kitu cha kwanza ni kuhesabu pumzi zake: kifua kinapanda na kushuka mara ngapi kwa dakika. Wauguzi wengi huhesabu nusu dakika, wakazidisha kwa mbili. Wenye haraka zao huhesabu robo. Yeye alihesabu sekunde zote sitini, hata foleni iwe imefika getini. "Nipe dakika moja," angemwambia mama aliyeanza kuuliza maswali, na macho yasibanduke kwenye kifua cha mtoto.

Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Mume alikwisha fariki, mtoto wake mmoja wa kiume alikuwa fundi umeme mwenye familia yake, na nyumbani alibaki na dada yake mkubwa, mpenda usafi aliyemkaripia kila jioni kwa kuingia ndani na viatu vya hospitali.

Wodini kulikuwa na kitu kimoja alichokipenda bila kuficha: mashine ya mvuke. Ilikuwa kijisanduku cha kijivu chenye mpira mrefu na barakoa mwishoni, na ikiwashwa ilinguruma kama friji kuukuu. Dawa ya pumu ikiwekwa ndani, mashine iliigeuza ukungu, mtoto akauvuta taratibu mpaka mluzi wa kifuani ukapungua. Mwanawe mwenyewe aliwahi kuwekwa kwenye mashine ya aina hiyo, akiwa na miaka minne, midomo imeanza kubadilika rangi. Saa moja baadaye alikuwa anadai biskuti. Tangu hapo Bi Dakika hakumwachia mtu mwingine kuisafisha mashine. Aliipangusa mwenyewe kila asubuhi kwa kitambaa alichokitoa nyumbani.

Basi alipokuja daktari mmoja mwanamke, kijana, mwembamba, na habari zake za chupa, Bi Dakika alimsikiliza kwa adabu tu.

"Chupa ya maji?" aliuliza.

"Chupa ya maji, mama. Ile ya nusu lita. Tunatoboa kitako, tunapachika pampu ya pumu, mtoto anavuta dawa kupitia mdomo wa chupa. Dawa ni ileile."

"Na mashine?"

"Mashine tunayo moja, na ina foleni. Umeme ukikatika inakuwa pambo. Nataka kujua kama chupa inafanya kazi sawa na mashine. Sisemi kwamba inafanya. Nataka kujua."

Hivyo ndivyo utafiti ulivyoanza. Mtoto wa miaka mitatu hadi kumi akija na pumu iliyombana, lakini si ile ya kutishia uhai, mzazi alielezwa kila kitu, akiridhia anatia saini. Wale waliokuja hali mbaya kabisa hawakuingizwa kwenye utafiti. Walipewa kila dawa iliyokuwepo, papo hapo. Kwa aliyeingizwa, ilifunguliwa bahasha iliyogundishwa, na karatasi ya ndani ndiyo iliyoamua: mashine au chupa. Baada ya saa moja ya matibabu, mtoto alipelekwa chumba kingine ahesabiwe pumzi. Mtoto ambaye hakupata nafuu alitolewa kwenye utaratibu huo na kutibiwa kwa njia zote.

Kuhesabu alipewa Bi Dakika. Sharti lilikuwa moja, asijue mtoto ametibiwa kwa nini.

"Ukijua, jicho lako litakuwa na upande," daktari alimwambia.

Bi Dakika alichukia kidogo, ingawa hakuonyesha. "Jicho langu halina upande, Dokta. Lina dakika."

Alipewa chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, mwisho wa korido. Rafu zilikuwa zimebaki ukutani, na harufu ya sabuni ya kufulia haikutoka hata dirisha likiachwa wazi siku nzima. Kulikuwa na meza, kiti chake, benchi la mama na mtoto, na kamba za nguo nje ya dirisha. Alikatazwa kuingia chumba cha matibabu. Huko alikaa muuguzi wa kiume waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, na yeye ndiye aliyefungua bahasha. Redio alikatazwa kuzungumza na Bi Dakika mpaka kazi iishe saa kumi. Kwake hiyo ilikuwa adhabu. Wakikutana koridoni alifunga mdomo kwa vidole viwili na kupita akitoa macho, na wafagiaji wakacheka.

Kwa muuguzi aliyezoea kushika watoto, kazi ile ilikuwa ya ajabu. Mtoto analetwa, anamtazama kifua, anaandika namba, mtoto anaondoka. Hakumpa dawa wala kumbeba. Mama wengine walimwona mkavu. Alijipa moyo kwamba naye anafanya lake.

Ila siku ya pili tu aliona jambo. Mtoto aliyetoka kwenye mashine alikuja na alama. Ukingo wa barakoa uliacha mstari mwekundu juu ya pua na mashavuni, na kope zilikuwa bado na unyevunyevu wa ukungu. Aliyetumia chupa alikuja mkavu. Hakuhitaji kuambiwa na Redio wala kuchungulia bahasha. Alijisemea moyoni: sikuuliza, nimeona tu, na kuona si kosa. Akaendelea.

Ili kuhakikisha hesabu ni sahihi, daktari alipanga kwamba kila mtoto wa kumi ahesabiwe na watu wawili, kila mmoja aandike kwenye fomu yake bila kuonyeshana. Mtu wa pili alikuwa mkunga kutoka wodi ya wazazi, mama mpole wa maneno machache. Fomu zote ziliingia kabatini, na mwenye funguo za kabati hilo alikuwa Bi Dakika.

Mwezi wa tano wa utafiti, Ijumaa moja mchana, hakukuwa na mgonjwa. Aliamua kupanga fomu, na alipofika kwenye zile za watu wawili, akazitandaza mezani. Zilikuwa jozi nane. Aliwakumbuka watoto wote nane, maana sura za watoto hazikumtoka: yule wa ndala za njano, yule aliyekataa kukaa, yule aliyemwita shangazi. Na aliwakumbuka pia kwa alama zao. Watano walikuwa na mstari puani. Kwa hao watano, namba zake zilikuwa chini ya namba za mkunga, pungufu kwa tatu, nne, mara moja kwa sita. Kwa watatu waliokuja wakavu, namba zake zilikuwa juu. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kinyume.

Alizipanga tena upya, akidhani amekosea. Hakuwa amekosea. Pumzi chache maana yake mtoto amepata nafuu zaidi. Kwa hesabu ya mkunga, watoto wote nane walikuwa wamepata nafuu karibu sawa. Kwa hesabu ya Bi Dakika, mashine ilikuwa inashinda.

Jumatatu alijichunguza. Aliletwa mtoto mwenye mstari puani, analia kwa kwikwi. Bi Dakika akasubiri. Akampa karatasi achezee, akaangalia nje kidogo, mtoto akatulia, ndipo akaanza kuhesabu. Arobaini. Baada yake akaja msichana mkavu wa uso, naye analia. Kabla hajafikiri chochote, macho ya Bi Dakika yalikuwa kwenye saa na hesabu imeshaanza, kila kwikwi inaingia kama pumzi.

Aliacha kuhesabu katikati. Alijifumania kama mtu anavyomfumania mwizi jikoni kwake, na mwizi mwenyewe amevaa nguo zake.

"Kuna nini, sista?" mama wa msichana aliuliza.

"Hakuna kitu, mama. Tusubiri anyamaze kwanza, nianze upya."

Saa kumi ilipofika, Redio alimkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma, akamwaga habari zote za siku nzima. Bi Dakika alimwacha amalize, kisha akamweleza. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Redio alishusha sauti.

"Daktari ameshagundua?" aliuliza.

"Hajagundua. Namba zetu ameziona, akasema tofauti ndogo ni kawaida."

"Basi tulia. Kuanzia leo hesabu vizuri, yaishe. Ukisema watakutoa, na jina lako ndilo hilo moja. Bi Dakika asiyejua dakika, watakucheka hadi mochwari."

"Na hao waliopita?"

"Wamepona, wako kwao wanacheza. Umewadhuru nini?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomfanya akae na jambo lile siku mbili nzima. Dada yake alimwona anaweka chumvi kwenye chai, akamuuliza kama anaumwa. Siku ya tatu alipiga moyo konde, akabeba jozi zile nane, akaenda ofisini kwa daktari na kufunga mlango nyuma yake. Walipokuwa wawili hakumwita Dokta.

"Mwanangu," alisema, "nimekuharibia kazi."

Akaweka fomu mezani, akaeleza alama ya barakoa, akaeleza kuhusu kwikwi. Hakujitetea. Daktari alizipitia fomu moja moja, kalamu mkononi.

"Watoto wangapi mpaka leo?"

"Themanini na wanne."

Daktari aliiweka kalamu chini. "Kwa nini mashine, mama? Ulikuwa unaitakia nini?"

Ndipo Bi Dakika akasimulia jambo ambalo hakuwa amelisema hata kwa dada yake. Siku mwanawe alipobanwa, kulikuwa na watoto watatu na mashine moja. Mwanawe alikuwa wa pili. Wa tatu alikuwa binti wa miaka mitano, amepakatwa na baba yake kwenye benchi lililowatazama. Bi Dakika, muuguzi mpya wakati huo, alimshika mwanawe kwenye mashine huku akimwona yule binti anasubiri. Zamu ilipomfikia, binti alikuwa amechoka mno. Hakurudi nyumbani.

"Nikajiambia, siku moja watanunua mashine nyingine, watoto wasipange foleni. Uliposema utafiti, nikaona hii ndiyo nafasi. Mashine ikishinda, wataleta nyingine. Sikupanga kudanganya. Lakini nadhani moyo wangu ulikuwa unahesabu kabla yangu."

Daktari alimwomba amwachie nafasi kidogo. Bi Dakika alisimama koridoni, mikono imekunjwa, akijibu salamu za watu bila kuwatazama. Alishawaza jinsi atakavyorudishwa kwenye zamu za kawaida, na nani atarithi funguo za kabati. Mlango ulipofunguka, macho ya daktari yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia.

"Ingia, mama. Hili mimi ndiye niliyepaswa kuliona. Nilichunga bahasha, nikachunga milango, nikamfunga Redio mdomo. Sikuangalia pua za watoto."

Haikuishia hapo. Jambo kama hilo lazima lipelekwe kwenye kamati ya maadili, ile inayolinda wagonjwa wanaoshiriki utafiti. Wiki mbili baadaye Bi Dakika alikaa mbele ya meza ndefu yenye watu watano. Mwenyekiti alikuwa daktari wa upasuaji mstaafu, mzee wa miwani minene aliyezungumza polepole. Mjumbe mmoja alikuwa mzazi tu, mama mwenye duka la vitambaa, aliyewekwa pale kusemea wazazi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Kuna mtoto aliyekosa matibabu kwa sababu ya namba zako?"

"Hapana, mama. Namba zangu zilikuwa za utafiti. Wa kuamua dawa alikuwa daktari, naye alimpima mtoto mwenyewe."

Mama mwenye duka aliitikia kwa kichwa na kuandika. Mwenyekiti akavua miwani.

"Ulikusudia?"

"Hapana."

"Sasa tutajuaje kwamba hutarudia?"

"Hamtajua," Bi Dakika alijibu. "Hata mimi sijui. Ndiyo maana naomba msinitegemee mimi. Wekeni pazia."

Mzee alimtazama, akarudisha miwani usoni, akasema, "Pazia la namna gani?" Na mkutano uliokuwa umepangwa kumhoji ukageuka wa kushona.

Walikubaliana hivi. Mtoto akimaliza matibabu atapanguswa uso na kusubiri kidogo. Chumba kitagawanywa kwa shuka la kijani, lenye uwazi wa mraba wa kutosha kifua tu. Mama atampakata mtoto upande mmoja, wahesabuji wawili watakaa upande wa pili. Atakayesema "anza" atakuwa mtu mwingine, aliyekaa na mama, na hatasema mpaka mtoto awe ametulia. Watoto themanini na wanne wa mwanzo watabaki kwenye taarifa, lakini peke yao, na maelezo ya kilichotokea. Utafiti wenyewe uanze upya kwa watoto mia moja na sitini.

Kuanza upya kulimgharimu daktari mwaka. Alikuwa aende masomoni kuwa bingwa, nafasi ikampita, akaomba nyingine. Hakumwambia Bi Dakika. Ni Redio aliyemwambia, bila shaka, na siku hiyo Bi Dakika hakumaliza chakula chake. Wodini wengine walinung'unika kwamba amewaongezea kazi kwa kujifanya mtakatifu. Jina likabadilika kwa muda, akaitwa Bi Pazia, na mfagiaji mmoja alikuwa akimpigia hodi hata mlango ukiwa wazi.

Nyuma ya pazia kazi ilikuwa ngumu kuliko mwanzo. Kifua bila uso hakisemi kitu. Hakujua amtakie nani mema, akabaki na kazi ya kuhesabu tu. Zilipita wiki akiwa na wasiwasi na kila namba, akimwonea wivu mkunga aliyeandika zake na kuchukua mkoba wake. Wakati mwingine mkono wa mtoto ulipenya kwenye uwazi ule, ukapapasa, ukashika kidole chake, naye akaendelea kuhesabu huku kidole kimeshikwa. Mwezi wa tatu tangu waanze upya alilinganisha namba zake na za mkunga, safari hii daktari akiwa amesimama pembeni. Zilipishana kwa moja au mbili, huku na huku, bila mpangilio. Daktari alimgusa bega, akatoka.

Matokeo yalisomwa ukumbini, mbele ya madaktari, wauguzi na wazazi wachache waliokubali mwaliko. Daktari aliweka picha mbili ukutani. Ya kwanza ilikuwa ya watoto themanini na wanne: mashine imeshinda, na mtu yeyote angeamini. Ya pili ilikuwa ya wale mia moja na sitini: mistari miwili imelaliana, mashine na chupa hazina tofauti ya maana. Tena watoto wa chupa walitoka wodini mapema kwa karibu saa nzima, kwa kuwa hawakusubiri zamu. Kisha akaeleza ni kwa nini picha hizo hazifanani, na akasema tu, "jicho la mhesabuji."

Bi Dakika alisimama mstari wa nyuma. "Lilikuwa jicho langu," alisema.

Watu waligeuka. Baadhi walidhani anauliza swali, na kijana mmoja wa ukumbini akamkimbilia na kipaza sauti. Alikikataa kwa mkono, akakaa. Mama mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa mstari wa mbele, aligeuka mzima kwenye kiti chake akamtazama, akampungia.

Baada ya hapo chupa ziliingia wodini moja kwa moja. Mashine ikabaki kwa waliozidiwa. Bi Dakika alipewa kazi ya kufundisha wazazi, na ilimfaa kuliko alivyotarajia. Aliketi na mama na mtoto, akaonyesha jinsi ya kupasha waya moto na kutoboa kitako cha chupa kwa kipimo cha pampu, jinsi ya kuitikisa pampu, kubonyeza mara moja, na kumwacha mtoto avute mara tano au sita bila kutoa mdomo. Baba mmoja alimwambia chupa ile inaonekana kama mzaha.

"Mimi pia nilidhani hivyo," alimjibu. "Mpe avute, tuangalie kifua."

Mwaka uliofuata kulikuja utafiti mwingine, wa nimonia: sindano wodini au dawa ya maji ya kunywa. Katika kikao cha kwanza mgeni aliyeuongoza alieleza mipango kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kuna swali. Bi Dakika alinyanyua mkono.

"Anayehesabu pumzi ataona nini?"

"Ataona mtoto," mgeni alijibu.

"Mtoto wa sindano ana plasta mkononi. Wa dawa ya kunywa hana."

Kikao hakikuisha mpaka mchana. Redio, aliyekaa karibu na mlango, alisema baadaye kwamba hajawahi kuona plasta ikijadiliwa na watu wenye shahada nyingi kiasi kile.

Bi Dakika alifanya kazi miaka mitatu zaidi, akastaafu. Siku hizi anakaa na dada yake, na viatu anaviacha nje. Majirani hawakukubali kwamba amestaafu. Mtoto akikohoa mtaani analetwa barazani kwake. Hampi dawa. Anamwomba mama amfungue mtoto kifungo, anasubiri alie amalize, kisha anatazama saa. Akimaliza anaitaja namba kwa sauti. Ikiwa ndogo, anamrudisha mtoto kwao na maelekezo. Ikiwa kubwa, anavaa viatu vyake na kuongozana nao mpaka hospitali.